Picha ya kaboi imesogea hadi Jumapili

Habari zenu wanakikundi, poleni na majukumu.

Jumamosi ukumbi una harusi, kwa hiyo tutakutana Jumapili hii saa 9:00 alasiri, palepale Magomeni.

Tunaangalia Stagecoach ya John Ford, ya mwaka 1939, stelingi John Wayne. Naomba sana msichelewe, maana kile kipande cha kukimbizana jangwani nataka tukirudie mara mbili. Yakima Canutt, yule fundi wa kucheza vipande vya hatari, akicheza kama Muapache (kabila la Wahindi Wekundu wa Marekani), anaruka kutoka kwenye farasi wake hadi kwa wale wa mbele wanaovuta gari la abiria, anapigwa risasi, anadondoka katikati yao na kuburutwa, halafu anaachia na gari zima linapita juu yake. Hakuna kompyuta pale, ni mwili wa mtu. Oscar ya heshima alipewa mwaka 1967, na kwangu mimi walichelewa mno.

1. Mchango ni sh. 5,000 kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa jioni. Ni wa ukumbi, chai na vitumbua.
2. Mwenye spika kubwa aniambie leo. Ile ya ukumbini inakoroma, risasi hazisikiki vizuri.
3. Kila mmoja aje na pambano moja la bastola analolipenda. Watu wa picha ya High Noon na watu wa picha za kaboi za mwongozaji Sergio Leone, mjadala wenu haujaisha!

Tafadhali jibu NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi usiku, na useme kama unakuja na watoto, tupange viti. Ahsanteni, karibuni sana.