Mwimbaji akifa, bendi nayo izikwe?

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa burudani ulikuwa na makala iliyodai kwamba bendi ikifiwa na mwimbaji aliyeipa umaarufu, heshima ni kuifunga. Mfano uliotolewa, tena kwa mstari mmoja tu, ni bendi ya roki ya Linkin Park ya Marekani na mwanamke waliyemchukua kuimba mahali pa marehemu Chester Bennington. Naomba nafasi nijibu. Mimi mwenyewe nilishikilia msimamo huo kwa miaka saba, na siku nilipouacha nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu ya kazi hapa Isevya, Tabora, na spika ya mteja iliyopasuka karatasi iko mapajani.

Kazi yangu ni fundi redio. Mwaka 2002 nilikuwa kidato cha pili. Kaka yangu, aliyekuwa akisoma Dar es Salaam, alishuka kwenye treni na kaseti ya kuazima ya Hybrid Theory, albamu ya kwanza ya Linkin Park iliyotoka Oktoba 2000. Kaseti ya watu lazima irudi, na tupu hatukuwa nayo. Akachukua TDK ya baba ya dakika 90, yenye nyimbo za bendi ya Tabora Jazz pande zote mbili. Baba alikuwa ameshavunja vile vijino vya juu ili asiwepo wa kurekodi juu yake. Kaka akaziba matundu kwa selotepu, akarekodi upande A wote. Baba alikuwa mstaafu wa reli na mpenzi wa dansi tangu ujana wake. Wiki nzima hakumsemesha.

Sasa sikiliza kilichotokea. Albamu ile ina dakika kama 38, na upande mmoja wa kaseti ni dakika 45. Kwa hiyo kelele za gitaa zilipokwisha pakawa na ukimya kidogo, kisha Tabora Jazz wakaibuka wenyewe katikati ya wimbo: solo, rizimu, besi, tarumbeta, mtindo wao wa Segere Matata wenyewe. Ukigeuza upande B unakuta Shem Karenga, mtoto wa Kigoma aliyekuja kuimba Tabora. Hivyo ndivyo masikio yangu yalivyolelewa. Sijawahi kuona ukuta kati ya miziki hii miwili, na anayesema roki ni makelele ya mashetani, kama mtangazaji mmoja niliyemsikia hivi karibuni, namwomba akae nayo japo kwa muda wa kuchemsha maharage.

Mimi na kaka tuligawana kazi. Yeye aliimba sauti ya Chester, mimi nilichana mistari ya Mike Shinoda, mchanaji wa bendi, kwa Kiingereza ambacho nusu yake hatukukielewa. Tulichokielewa ni kwamba pale kuna mtu anaumia na haoni aibu kusema. Kwetu mvulana wa miaka 15 akiumia anaambiwa akachote maji. Chester alipiga ukelele ule kwa niaba yetu sote wawili.

Kaka alifariki mwaka 2016, ajali ya pikipiki, njia ya Sikonge. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Julai 2017, Chester alijiua akiwa na miaka 41, miezi miwili tu baada ya bendi kutoa albamu ya saba. Kaseti niliitia kwenye boksi la vipuri, chini kabisa. Septemba 2024 iliposikika kwamba bendi imerudi na Emily Armstrong, aliyetoka bendi ya Dead Sara, niliona ni kama mtu amekuja msibani na kukalia kiti cha marehemu kabla arobaini haijapita. Mpiga drams Rob Bourdon naye hakurudi, nafasi yake imeshikwa na Colin Brittain. Nikasema hiyo si bendi tena, ni bango tu.

Albamu yenyewe, From Zero, ilitoka tarehe 15 Novemba 2024. Kwangu mimi ni mpya, kwa sababu niliikataa kwa muda mrefu. Aliyeniletea ni binti wa marehemu kaka, mwenye miaka 17. Aliingia kibandani na simu yake, akachomeka waya kwenye amplifaya niliyokuwa naijaribu, akasema, “Baba mdogo, sikiliza kwanza, halafu ndiyo ukasirike.”

Nilichokisikia ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Wimbo wa pili, ule wa kwanza kamili baada ya utangulizi wa sekunde chache, anauanza Shinoda. Anaimba ubeti wa kwanza peke yake, anaimba na kiitikio, taratibu kabisa. Anayeingia kutoka Tabora hii au kutoka California anakutana kwanza na sauti anayoifahamu, ya mtu wa nyumbani. Ubeti wa pili ndipo mwanamke yule anapoingia. Amepokelewa mlangoni na mwenyeji. Wangeweza kumtanguliza yeye kwa kishindo ili watu washtuke, wala hawakufanya hivyo. Adabu ya namna hiyo naijua, nimeiona kwenye ngoma zetu: mwimbaji mgeni haanzishi wimbo, huupokea.

Tena hamwigi marehemu. Hili mwandishi wenu angelijua kama angesikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ina mkwaruzo wake, kama karatasi ya msasa ya namba ndogo, na akilegeza inakuwa laini ghafla. Katika wimbo wa nne anashika ukelele mmoja unaozidi sekunde kumi bila kuvuta pumzi. Nilitazama ile spika niliyotoka kuishona nikadhani itapasuka tena. Haikupasuka. Wimbo wa tano wanamwachia yeye karibu wote, na ni wimbo mtulivu wa watu wawili wanaosemezana bila kusikilizana.

Kuhusu mchanganyiko wa mitindo, sijui niseme nini zaidi ya kwamba vinasikika vimeiva chungu kimoja. Wa sita ni mbio tupu, gitaa na drams zinafukuzana, Shinoda mwenyewe anapiga kelele. Wa saba unaofuata unapoa, besi nzito, mwangwi mwingi, kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Wa nane unamrudisha Joe Hahn, DJ wa bendi, na mkwaruzo wake wa santuri, nikaiona sebule yetu ya mwaka 2002. Wa tisa haukunigusa. Na drams katika nyimbo kadhaa zimebanwa mno kwenye kurekodi, hazina nafasi ya kupumua. Hilo nalisema kama fundi. Albamu nzima ina nyimbo 11 kwa dakika 32 tu, nami ningependa wa saba urefushwe mara mbili.

Wa mwisho nimeusikiliza pengine mara hamsini. Ni mtu anayekiri kwamba kichwa chake kimeelemewa, kwamba amewaumiza waliomzunguka, na anamshukuru aliyebaki pembeni yake hata hivyo. Anachana Shinoda, anaimba Armstrong. Jina la Chester halitajwi. Lakini mtu aliyekaa matanga anajua yupi anazungumzwa na yupi anazungumza, na mara nyingine ni haohao.

Mwandishi wenu anasema hayo ni mambo ya biashara ya Wazungu. Basi tuje kwetu. Salum Abdallah alipokufa kwa ajali mwaka 1965, Cuban Marimba ya Morogoro haikuzikwa naye. Juma Kilaza aliishika, akaimba kwa sauti yake, na leo wazee wanawapenda wote wawili bila kuwapambanisha. TX Moshi William alifariki mwaka 2006, na Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, iliendelea kupanda jukwaani. Je, hao nao hawakuwa na heshima? Bendi ni kama nyumba ya ukoo, mhariri. Baba mwenye nyumba akifa, taa huwashwa jioni ileile, na hakuna anayemwambia mjane kwamba ameivunjia heshima kaburi kwa kupika.

Hata jina la albamu lina hilo ndani yake. From Zero maana yake ni kutoka sifuri, na bendi ilipoanza mwaka 1996, kabla Chester hajajiunga, iliitwa Xero, kwa matamshi yaleyale. Wamerudi mpaka kwenye mlango wa kwanza waliouingilia.

Ninachoomba ni kwamba ukurasa wenu umpe kazi hii mtu aliyeisikiliza yote, aiandikie safu nzima, kama mnavyofanya kwa nyimbo za vijana wetu. Wapo watu Tabora, Kigoma na Urambo wanaousikiliza muziki huu kimyakimya kwa sababu wameambiwa si wao.

Kaseti nimeitoa kwenye boksi. Mwaka 2003 redio iliwahi kuila, nikakata kipande kilichokunjika na kuunga kwa selotepu, ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ufundi. Kama sekunde moja ya wimbo ilipotea hapo. Sasa jioni nikishafunga kibanda, binti wa kaka anaimba sehemu ya baba yake kutoka kwenye simu, ambako wimbo ni mzima, nami nachana sehemu yangu. Tukifika pale penye kiungo, mimi naruka ile sekunde na kumtangulia. Ameniuliza mara mbili kwa nini. Mara ya tatu hakuuliza, akaruka na mimi.

Fundi Redio,
Isevya, Tabora.