Barua kwa Mwanangu: Ile Sinema ya Mtu wa Posta

Mwanga, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe na hilo joto la Dar. Dagaa na mawese nimempa dereva wa basi, nimemwachia na namba yako. Fika stendi mapema, yule hasubiri mtu.

Sasa nije kwenye ujumbe wako. Unasema mhadhiri wenu amewapa kazi ya kuchambua filamu zilizofeli, ukachagua The Postman ya Kevin Costner kwa kuwa umekua ukinisikia naisifu, halafu ukasoma walivyoiandika wenyewe Wamarekani ukaniona aibu mama yako. Usinionee aibu, yote hayo nayajua. Ilitoka Krismasi ya 1997. Ilikula dola kama milioni 80, na huko kwao haikuingiza hata milioni 18. Mwaka uliofuata ikazoa tuzo tano za Razzie, zile za kuwazomea waliofanya vibaya: filamu mbaya, mwongozaji mbaya, mwigizaji mbaya, na nyinginezo. Na huyu ni Costner yule yule aliyebeba Oscar ya mwongozaji bora kwa Dances with Wolves. Mtu akishapanda juu hivyo, wapo wanaokaa chini kumsubiri. Waterworld ya 1995 ilikuwa imeshawachosha kwa gharama zake, nami nadhani baadhi yao waliingia ukumbini na hukumu mfukoni.

Mdogo wako kaniwekea kwenye flashi, nimeitazama upya kwa ajili yako. Waliosema ni ndefu wamesema kweli. Inakaribia saa tatu nzima, na ile sehemu ya mwanzo, kambini kwa Jenerali Bethlehem, yule kamanda katili wa kisa hiki, ukiikata nusu hakuna atakayejua. Costner naye anajipiga picha kama mtakatifu, juu ya farasi, jua likizama, muziki ukipanda. Bendera nazo hazihesabiki. Hapo simtetei.

Ila kwa Bethlehem uwape haki yao walioitengeneza. Kabla dunia haijaharibika alikuwa akiuza mashine za fotokopi. Will Patton anamwigiza kama mtu ambaye kila siku anaogopa kwamba kuna atakayemkumbuka akiwa na mkoba wa bidhaa mkononi. Sisi tuliokaa jirani na vita tunajua kwamba makamanda wa namna hiyo wapo, jana tu fundi au karani, leo watu wanamsimamia wima. Wachambuzi walimwona katuni.

Kuna kipande kimoja lazima nikusimulie. Askari wa Bethlehem wanaoneshwa sinema usiku kwenye ukuta wa jabali. Inawekwa Universal Soldier ya Van Damme, wanazomea na kurusha mawe mpaka inatolewa, inawekwa The Sound of Music, ile ya nyimbo, wote kimya kama watoto. Tulipoiona mara ya kwanza, kwa kaseti, kwenye kibanda cha video cha mjomba wako kule Ujiji, kibanda kizima kilisimama. "Rudisha Van Damme!" Mjomba wako akawa anaeleza kwamba hiyo ni sinema ndani ya sinema, hana mkanda mwingine wa kuweka, nani amsikilize! Costner alitaka kusema kwamba mtu aliyechoshwa na vita hatamani kuiona tena vita. Lakini pale mabenchi ya mbele walikaa vijana waliovuka ziwa wakikimbia risasi za kweli, na ndio waliopiga kelele kuliko wote. Hilo nalo liandike.

Kisa chenyewe kimetoka kwenye kitabu cha David Brin cha 1985. Ni mwaka 2013 wa kubuni, serikali imekufa, Marekani imebaki vijiji vyenye maboma. Mzururaji mmoja asiye na jina, anayeigiza Shakespeare ili apewe mlo, anatoroka jeshini kwa Bethlehem na kukuta gari la posta lililotelekezwa, ndani mna mifupa ya dereva. Anavaa koti la marehemu, anabeba mfuko wa barua, anakwenda kwenye lango la kijiji na kuwaongopea kwamba serikali imerudi na yeye ni mtu wa posta, wamfungulie ale. Hawamwamini. Anaanza kusoma majina kwenye bahasha. Mama mmoja kipofu anasikia la kwake.

Hapo wengi walicheka. Bahasha kuukuu ifungue lango lenye bunduki? Mimi sikucheka wala leo sicheki, na sababu yake sijawahi kukueleza vizuri.

Mwaka huo huo wa 1997 Liemba, meli yetu ya tangu Wajerumani, ilikuwa ikiwarudisha kwao wakimbizi wa Zaire, kutoka hapa bandarini hadi Uvira, watu zaidi ya 75,000 kwa miezi michache. Wengi wengine walibaki, Nyarugusu kule Kasulu ikazidi kujaa. Mimi nilikuwa msichana wa kujitolea Msalaba Mwekundu, na kazi yangu ilikuwa barua. Ni karatasi isiyo na bahasha, iko wazi, mtu anaandika habari za familia tu. Siasa hairuhusiwi, wala habari za jeshi, na kabla haijasafiri inasomwa kuhakikisha. Nyuma kuna nafasi ya kujibu. Kambini hakuna sanduku la barua, hakuna namba ya nyumba, kwa hiyo unasimama mahali watu wanapokusanyika unasoma majina. Watu walioacha kugombania maji wanasogea. Jina likiwa la kwao wanainua mkono, na likiwa si la kwao wanalirudia midomoni, labda wanamjua ndugu yake.

Sasa sikiliza kasoro ya The Postman ambayo sijaona mtu akiitaja. Barua zake zote ni za heri. Mfuko mzima, baada ya vita na maradhi, hauna barua hata moja ya msiba inayobaki akilini! Nilimpelekea baba mmoja Mbembe, kabila la kule ng'ambo ya ziwa, karatasi kutoka kwa mdogo wake. Hakujua kusoma, nikamsomea. Zilianza salamu ndefu, fulani anakusalimu, fulani anakusalimu, kisha mama yao amefariki na wamemzika. Alinyamaza. Akaniambia nianze tena juu kabisa, kwenye zile salamu, nisiruke hata moja. Nikasoma. Akauliza kama mdogo wake ametaja shamba, nikamwambia hakutaja. Basi akageuza karatasi upande wa pili akaniambia niandike, na jambo la kwanza alilotaka kuuliza lilikuwa ni nani anayelima pale sasa.

Costner anaamini watu walisimama kwa sababu waliletewa matumaini, hata kama ni ya uongo. Kwa nilivyoona mimi, yule baba hakuhitaji kudanganywa. Alipata habari mbaya kuliko zote, na bado jioni ile alikuwa na ndugu wa kubishana naye kuhusu shamba. Filamu ilikuwa imeukaribia ukweli huo, ikaogopa. Ukitaka kuikosoa, ikosoe hapo, urefu wameshausema wengine.

Na ukitaka kuitetea, mtetee yule kijana anayejiita Ford Lincoln Mercury, wa Larenz Tate. Yeye ndiye aliyeuamini uongo. Mwongo mwenyewe anapotoweka mlimani akiuguza jeraha, kijana anaendelea kuajiri wenzake, anapanga njia, barua zinatembea. Baadaye anatokea mbeba barua kutoka California ambaye hakuna aliyempeleka. Wakati huo posta imekuwa posta kweli, na hakuna tangazo lolote la serikali lililohitajika. Sisi ambao barua zetu zilikuja kwa S.L.P. ya shule au ya misheni, majina yakaitwa paredi, hatukuwahi kuwa na mtu wa posta wa kugonga hodi mlangoni, lakini huyo mwalimu wa zamu aliyebeba mfuko kutoka mjini kwa baiskeli tulimjua wote.

Usiitazame kwenye simu. Azima kompyuta ya mwenzako. Mwishoni kabisa, mwaka 2043, watazindua sanamu ya shaba ya Costner akiwa juu ya farasi, akipokea barua kwa mtoto, na mtu mzima mmoja katika umati atasema mtoto yule alikuwa yeye. Ukifika hapo zima, mimi huwa nazima.

Mama yako