Muziki wa Meksiko si urithi wa Hispania peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo moja katika makala mliyoitoa Jumapili kuhusu muziki wa asili wa Meksiko, ambao kila kukicha unapata wasikilizaji wapya. Mwandishi alieleza vyema jinsi wimbo "Ella Baila Sola" wa Eslabon Armado na Peso Pluma ulivyopanda mwaka 2023 hadi nafasi ya 4 katika chati kuu ya Billboard nchini Marekani, ambako wimbo wa aina hiyo haukuwa umewahi kuingia kumi bora. Baada ya hapo akauita muziki wote wa nchi ile "urithi wa Hispania", na hapo ndipo ninapopingana naye.

Kwamba magitaa na fidla vilitoka Hispania halina ubishi, kama ambavyo kodiani ya kaskazini ilifika na polka za Ulaya. Lakini Veracruz ilikuwa bandari walikoshushwa Waafrika waliotiwa utumwani, na muziki wa huko, uitwao son jarocho, hauelezeki bila wao. Katika mikesha ya huko iitwayo fandango, wapigaji wa jarana, kigitaa chembamba cha kuchacharisha, hulizunguka jukwaa dogo la mbao, na wachezaji hupanda juu yake kulipiga kwa visigino, hata mbao zile zikawa ndizo ngoma yenyewe. Anayesikiliza kwenye simu anaweza kudhani kuna mpiga ngoma aliyejificha.

Tena ipo marimba ya Chiapas, jimbo la kusini mwa Meksiko, ambayo jina lake ni la Kibantu na msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Chini ya kila kibao huning'inizwa kisanduku cha mbao chenye tundu, nalo huzibwa kwa utando wa utumbo wa nguruwe ulioshikizwa kwa nta, ili sauti itoke na mvumo kama wa nyuki. (Waislamu wenzangu wa pwani watanisamehe kwa huo utumbo.)

Meksiko yenyewe iliwatambua raia wake wenye asili ya Afrika katika katiba mwaka 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5. Mkirudia mada hii, naomba mwandishi wenu aanzie kwa wapiga marimba, kisha aje kwenye chati.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi, Tanga