Risala ya Kikundi cha Lishe kwa Mgeni Rasmi: Chakula, Madini ya Risasi na Mifupa

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu Mikindani, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu pale Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi iliyoingia miilini mwa majirani haikuondoka na mashine. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi mwilini huwa mifupani, ikiwa imeshika nafasi ya kalsiamu, na huweza kukaa humo miaka 20 na zaidi. Mama akishika mimba au akinyonyesha, mfupa hutoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka nayo.

Risasi pia huzalisha chembe huru, yaani molekuli zisizotulia, ambazo huumiza seli zinazojenga mfupa. Antioksidanti za chakula huzituliza chembe hizo. Kwa panya wa maabara, vitamini C na E zimepunguza madhara. Kwa binadamu ushahidi bado ni mchache, na hakuna tunda linaloing'oa risasi iliyokwisha kukaa mfupani. Tunasema hivi waziwazi kwa sababu poda za "kusafisha damu" zinauzwa kwa kina mama wanaostahili kwenda kupimwa.

Kinga kubwa ni risasi isifyonzwe tangu mwanzo. Tumbo tupu hufyonza zaidi, na upungufu wa chuma au kalsiamu huzidisha, kwa hiyo mtoto ale kabla ya kwenda kucheza vumbini. Dagaa waliwe na mifupa yao. Mchicha uoshwe mpaka maji yasiwe na mchanga, ndipo ukatwe, na uive kwa dakika chache tu: vitamini C huharibiwa na moto na humwagika na maji. Pera moja likiliwa pamoja na maharagwe hutosheleza vitamini C ya siku nzima na husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri saa moja. Ina antioksidanti, ndiyo, lakini hunasa chuma. Odowa, ule udongo wa kutafuna, iachwe kabisa, hasa na wajawazito, kwani udongo huo mara nyingi una risasi.

Mheshimiwa, tunaomba kipimo cha risasi katika damu kipatikane kwenye zahanati yetu, watoto wadogo na wajawazito wakitangulia. Mtoto akifikia mikrogramu 45 za risasi kwa desilita ya damu anahitaji dawa ya hospitali, na hapo lishe ni msaidizi tu. Tunaomba pia udongo wa bustani ya shule upimwe kabla mbegu hazijapandwa.

Tunaomba kuwasilisha.