Malalamiko kuhusu sarafu tatu za Marekani zilizouzwa kama makosa ya kiwanda

Kwa Meneja wa Mauzo,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA

Sarafu tatu mlizoniuzia zimefika, kila moja na kadi yenye maneno "kosa adimu la kiwanda". Nimezikagua. Hakuna hata moja inayostahili kadi hiyo, wala bei mliyotoza.

Ghali kuliko zote ni senti ya 1955, mnayoiita ya muhuri pacha (muhuri ni kile chuma chenye picha kinachogonga sarafu). Ya kweli ilipigwa kiwanda cha Philadelphia, haina herufi ya alama ya kiwanda chini ya mwaka, na upacha wake unaonekana hata bila lenzi: tarakimu za mwaka, neno LIBERTY na IN GOD WE TRUST vyote vimejirudia waziwazi. Muhuri wenyewe ulipokuwa ukitengenezwa ulikandamizwa mara mbili bila kulingana, kwa hiyo kila senti iliyopigwa nao ilibeba kasoro ileile, na upande wa nyuma, wenye masuke ya ngano, ukabaki safi. Yenu ina kivuli tu kando ya 5 ya mwisho. Iwekeni chini ya lenzi ya kukuza mara kumi, taa ikimulika kutoka ubavuni: kivuli hicho hakina pembe wala mwachano, kinafifia tu. Hiyo ni dalili ya muhuri uliochakaa. Wakusanyaji wa Marekani huiita pacha ya maskini, na bei yake inalingana na jina.

Senti ya 1943 "ya shaba" haihitaji maelezo marefu. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, senti zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache za bronzi (mchanganyiko wenye shaba) zilizoponyoka zina gramu 3.11 na hazivutwi na sumaku. Yenu ina gramu 2.7 na inanasa. Imepakwa shaba na mtu. Duka la sarafu linalokosa sumaku lina neno la kujibu.

Kuhusu senti tano ya 1937 ya kiwanda cha Denver, yenye picha ya nyati wa miguu mitatu: mguu wa mbele wa kulia ulipotea kwa sababu muhuri uling'arishwa kupita kiasi, lakini kwato ikabaki. Sarafu halisi huwa na mstari wa vitone vilivyoinuka, kutoka tumboni kuelekea ardhini. Yenu haina vitone. Mahali pa mguu pamebonyea, na mikwaruzo ya tupa imeelekea upande mmoja. Mguu haukukosekana kiwandani, umekwanguliwa baadaye.

Mlinijibu kwa simu kwamba "kila sarafu isiyo ya kawaida ni kosa". Si kweli. Kosa hutokea kabla sarafu haijatoka kiwandani; kinachoipata baada ya hapo ni uharibifu, na hushusha thamani.

Naomba ndani ya siku 14 mnirudishie bei yote pamoja na gharama za posta, na mziondoe kadi hizo kwenye sarafu za aina hii mnazoendelea kuuza. Picha za karibu na vipimo vya uzito nimeviambatisha. Sarafu nitazirudisha fedha zikishaingia.

Wako,
Mnunuzi