YAH: Kamera ya mtego iliyochelewesha picha kwa saa 13, mnyama akafa

Hombolo Bwawani,
Dodoma.
20 Oktoba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Tarehe 6 Septemba nilinunua dukani kwenu kamera ya kufunga porini, ile ya laini ya simu, kwa Sh 420,000. Risiti ninayo. Kijana wenu wa mauzo nilimweleza wazi: nafuga kuku wa kienyeji, fungo ananimalizia kuku, na afisa wanyamapori ameniahidi kibali cha mtego wa tundu kwa sharti kwamba mnyama akiingia nimjulishe upesi, aje amchukue akiwa mzima. Mtego ungekaa bondeni, mbali na nyumba. Akanijibu, "Mzee, mlango ukianguka tu, picha unayo kwenye simu ndani ya dakika moja." Kwenye boksi pia mmeandika hivyo. Kwa neno hilo nikatoa pesa.

Kibali kilipotoka, nilitega kwa mara ya kwanza jioni ya tarehe 11 Oktoba, kisha nikaenda mjini kumuuguza mama. Simu nililala nayo mkononi. Haikulia. Kesho yake saa 5:20 asubuhi zikaingia picha 43 kwa mpigo. Ile ya mlango kuanguka imeandikwa 22:12, yaani saa 4 na dakika 12 usiku. Picha 38 ni za fungo yuleyule akizunguka ndani ya tundu, usiku kucha hadi jua likapanda. Katika tatu za mwisho amelala.

Nilifika saa 7 mchana. Harufu yake niliikuta kabla sijauona mtego. Ulimi nje, wavu una damu mahali alipokuwa akiung'ata, na kucha mbili zimebaki zimenasa kwenye matundu. Maji niliyomwekea alikuwa ameyamwaga katika kuhangaika. Jua la Dodoma la Oktoba mnalijua. Bati la juu ya mtego halikushikika. Kuku wangu amewala, ndiyo, lakini sikumtega ili afe vile. Nakubali pia nilipaswa kumwachia mtu kazi ya kupita pale alfajiri. Ningefanya hivyo kama nisingeliamini neno lenu.

Nilipowapigia mlisema tatizo ni mtandao wa Hombolo. Si kweli. Nilichomoa laini ileile, nikaiweka kwenye simu, nikasimama chini ya mgunga ule ule ilipofungwa kamera, nikamtumia mke wangu picha. Ilimfikia kabla sijarudisha simu mfukoni. Baadaye fundi mmoja alifungua mipangilio akanionyesha: toleo hili hukusanya picha na kuzituma mara moja kwa siku. Sehemu ya kuchagua zitumwe papo hapo haimo kabisa. Jaribio mlilonifanyia dukani lilikuwa la kubonyeza kitufe, nalo hutuma hapo hapo, ndiyo maana sikushtuka. Toleo linalotuma kila picha inapopigwa mnalo, na bei yake ni kubwa zaidi. Mimi mlinipa hili kwa maelezo ya lile.

Boksi linasema pia taa yake ya usiku haionekani. Inaonekana: vidoti vyekundu kama ncha za sigara zinazowaka, nami nimeviona nikiwa hatua ishirini. Hilo ningeweza kulivumilia.

Naomba mnirudishie Sh 420,000 zote, kubadilishiwa sitaki. Naomba pia muwapigie simu wateja wote mliowauzia toleo hili. Wengine huenda wameliweka kwenye mitego kama mimi na wanalala wakisubiri simu iite. Maelezo ya boksi myaondoe.

Nawapa siku 14 tangu mpokeapo barua hii. Zikipita bila jibu nitapeleka shauri Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani, Sura 285, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu uwezo wa bidhaa. Taarifa ya kifo cha mnyama nimeshampa afisa wanyamapori, na mtego nimeutegua.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha zote 43 pamoja na muda zilipoingia kwenye simu yangu, na picha ya boksi.

Mteja wenu,
Mfugaji wa kuku, Hombolo Bwawani