Kwa nini tunatoza kwa "kubadilisha namba moja tu" kwenye ruta

Lalamiko hili haliishi: "Fundi amekaa kwangu saa nzima, amebadilisha namba moja kwenye ruta, kisha ananidai pesa." Mteja mmoja alifika mahali pa kusema tumemwibia, na neno hilo lilituuma.

Ni kweli, ilibadilika namba moja, ile ya chaneli, yaani kipande cha mawimbi ambacho ruta ya Wi-Fi hutumia. Lakini kuijua ni ipi ndiyo kazi yenyewe. Kwenye majengo yaliyobanana si ajabu simu moja kuona ruta zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa kwenye masafa ya mawimbi ya gigahezi 2.4. Chaneli za hapo zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali kila ruta hutumia upana wa megahezi 20 hivi, kwa hiyo humwagikia chaneli za jirani. Ndiyo maana sisi mafundi hutumia chaneli 1, 6 na 11, zisizokanyagana. Mteja huyu alikuwa amejihamishia 3 kwa kuwa aliiona tupu. Ruta zilizo chaneli moja husikilizana na kupeana zamu. Yeye pale katikati alipigiwa kelele na wa 1 na wa 6, na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Tunapima chumba kwa chumba, na tunapenda kwenda jioni majirani wakiwa wamerudi, maana asubuhi hewa huonekana safi hata pale penye shida kubwa.

Kinachowagharimu watu zaidi ni busta, vile vifaa vya kurudia mawimbi ya ruta ili yafike mbali. Familia moja ilikuwa na tatu, na juu yake imepandisha kifurushi. Busta ya kawaida hupokea na kurusha tena kwa chaneli ileile, kwa hiyo kila ujumbe unapita hewani mara mbili na kasi inashuka karibu nusu. Kifurushi nacho hakikuwa na kosa, kwani intaneti ilikuwa inafika kwenye ruta vizuri. Ilikuwa inapotea kati ya ruta na simu. Tulizing'oa zote, tukaitoa ruta nyuma ya televisheni, tukavuta kebo hadi chumba cha mwisho. Gharama yetu ilikuwa ndogo kuliko busta walizonunua.

Kwingine mtandao ulikatika kila chakula kilipopashwa moto. Ruta ilikaa juu ya maikrowevu, na maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45.

Wengine huongeza nguvu ya ruta hadi mwisho. Simu itaonyesha mistari yote, lakini yenyewe haiwezi kujibu kwa nguvu hiyo, na jirani akiumia naye ataongeza yake.

Vifaa vikiruhusu, tunawahamishia gigahezi 5. Chaneli ni nyingi zaidi, na kuta huyadhoofisha sana mawimbi yake, kwa hiyo ya jirani hayakufikii kirahisi. Ila na yako hayaendi mbali, ndipo kebo inapohitajika kwa televisheni na kompyuta zisizohama.

Ukituita, usizime wala usihamishe chochote. Acha busta zako zikiwaka, tuione hali yenyewe kabla hatujagusa kitu.